Chungu Wakiondoka, Simba Hubadilisha Chakula

(Mada iliyozungumzwa mbele ya vijana katika mwezi wa Ramadhani, na kuandikwa upya kwa ajili ya jarida hili)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu vijana, na wewe msomaji uliyelifungua jarida hili labda ukisubiri adhana ya Magharibi. Nimepewa mada ya namna viumbe wanavyoishi pamoja, na nikaambiwa nisiwachoshe watu maana watu wana saumu. Basi nitajaribu. Sitazungumza juu ya kila kiumbe. Nitazungumza juu ya mdudu mmoja, mti mmoja na mnyama mmoja kule Laikipia, kisha tutateremka huku kwetu pwani kwenye minazi, kwa sababu mdudu huyo huyo yuko huku pia.

Mdudu mwenyewe ni chungu. Bara wengi humwita sisimizi, lakini sisi tuliokaa kwenye mikeka ya madrasa tumezoea kusema wadudu chungu, kwa ile sura ya 27, Suratun Naml, iliyopewa jina lao. Kisa cha Nabii Sulaiman (a.s.) na yule chungu bondeni kila mtoto anakijua, sina haja ya kukirudia.

Hebu nikuulize swali. Simba anahitaji nini ili apate kula? Utasema meno. Utasema kucha, nguvu, mbio. Mwengine atasema anahitaji punda milia. Sidhani kama kuna atakayesema anahitaji chungu. Lakini Januari 2024 jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya, katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia. Aliyeuongoza ni Mkenya mwenzetu, Douglas Kamaru, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani. Nao ulionyesha kwamba chungu wakibadilika, simba naye hubadilisha anachokula. Sasa twende polepole, maana kati ya chungu na simba kuna mti na kuna ndovu, na ukiruka mmoja hutaielewa habari yote.

Tuanze na mti. Katika nyanda za Laikipia kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao gari likiingia wakati wa mvua halitoki mpaka liitiwe watu. Kwenye udongo huo karibu miti yote utakayoiona ni ya aina moja: mgunga mfupi wenye miiba mirefu myeupe, na chini ya baadhi ya miiba kuna vinundu vyeusi, mviringo, ndani vitupu. Chungu hutoboa matundu kwenye vinundu hivyo ili waingie na kutoka. Upepo ukipita kwenye matundu, mti unapiga mluzi. Kwa hivyo mimi nitauita mgunga mluzi.

Vile vinundu havikutengenezwa na chungu. Mti wenyewe ndio unaoviotesha. Ni nyumba tayari, mpangaji aingie tu. Na si nyumba tu, kuna na chakula: chini ya majani mti hutoa majimaji matamu kwa ajili ya chungu hao. Sasa jiulize, mti unapata nini? Unapata ulinzi. Twiga akipeleka ulimi, au ndovu akinyoosha mkonga, chungu hutoka kwa mamia na kuuma. Ndovu ana ngozi ngumu, hilo tunalijua, lakini ndani ya mkonga mna ulaini, na chungu wakiingia humo si mchezo. Watafiti Jacob Goheen na Todd Palmer, katika utafiti uliotoka 2010, waliwapa ndovu wachanga matawi ya aina mbalimbali. Tawi la mgunga mluzi lisilo na chungu ndovu walilila bila taabu. Waliposhikishwa chungu kwenye tawi la mti mwengine ambao kwa kawaida wanaupenda, wakaukwepa. Kumbe mgunga ule haukuwa ukiokolewa na miiba yake wala na ladha yake. Ulikuwa ukiokolewa na wapangaji.

Shuleni, kwenye somo la bayolojia, tulifundishwa kwamba viumbe wana mahusiano ya namna tatu au nne: huyu anamla yule, hawa wanashindania kitu, hawa wananufaishana, huyu anamnyonya yule. Tukaandika, tukachora jedwali, tukafanya mtihani. Mimi sina ugomvi na jedwali hilo, lakini lina upungufu mmoja: linawaweka viumbe wawili wawili, kama kwamba wako peke yao duniani. Kule Laikipia mambo hayaendi wawili wawili. Na ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua ni jaribio lililoanza 1995 katika kituo cha utafiti cha Mpala.

Watafiti walizungushia ua vipande vya ardhi ili wanyama wakubwa wasiingie: ndovu, twiga na wengineo. Fikiri kidogo kabla hujasoma mbele. Mti umeondolewa maadui zake wote wakubwa. Hauliwi, hauvunjwi. Utatarajia ustawi, sivyo? Mwaka 2008 Palmer na wenzake walitoa matokeo baada ya miaka 10 ya ua ule. Miti iliyokuwa ndani ya ua ilikuwa ikikua polepole zaidi, na ilikufa mara mbili zaidi kuliko ile ya nje inayoliwa kila siku!

Ilikuwaje? Mti uliona hakuna tena haja ya kulipa walinzi. Ukapunguza vinundu, ukapunguza yale majimaji matamu. (Nasema "uliona" kwa lugha ya mazungumzo tu, mti hauna macho wala mawazo, ila namna unavyoitumia nguvu yake ilibadilika.) Wapangaji nao, walipopungukiwa na nyumba na chakula, wakawa wavivu wa kulinda, na wakazidisha kufuga wadudu gamba, wale vidudu wanaofyonza utomvu wa mti na kutoa maji matamu. Yaani ujira walionyimwa kwa hiari wakawa wanauchukua kwa mlango wa nyuma. Halafu wengi wao walipodhoofika, wakaja chungu wa aina nyengine. Maana kwenye mgunga huu kuna aina 4 za chungu wanaogombania, na mti mmoja kwa kawaida hushikwa na aina moja. Hawa waliokuja hawakai kwenye vinundu kabisa. Wanakaa kwenye matundu yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa ndani ya shina. Kwa hivyo mbawakawa akija kutoboa, kwao ni fundi wa nyumba, hawamfukuzi. Mti ukaliwa kwa ndani.

Hilo, ndugu yangu, mimi liliponifikia mara ya kwanza darasani nililisoma mara mbili. Mapatano ya mti na chungu yalikuwa yakishikiliwa na ndovu, adui wa mti. Ondoa adui, na marafiki wanaachana.

Sasa ingia mgeni. Kuna chungu mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye katika kila kundi lake kuna askari wenye vichwa vikubwa kupita miili yao. Wanasayansi humwita chungu wa kichwa kikubwa. Inaaminika asili yake ni katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na leo ameenea sehemu nyingi za joto duniani. Hakuruka wala hakuogelea. Alibebwa na watu: ndani ya mizigo, kwenye udongo wa miche, kwenye vifaa vya ujenzi, kwenye magunia ya chakula. Laikipia alianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Huyu hakai juu ya mti, anakaa ardhini, chini ya shina. Anapanda, anawaua wale chungu wenyeji, anakula mayai yao na watoto wao, kisha mti unabaki wake. Lakini ulinzi hana habari nao. Ndovu akija, yeye yuko chini ardhini na shughuli zake. Mti umebaki na miiba tu, na miiba tumeshaona haimtishi ndovu.

Kamaru na wenzake walipima mahali palipovamiwa na mahali ambapo bado, na wakazungushia ua baadhi ya vipande ili ndovu wasiingie. Kwenye maeneo yaliyovamiwa, ndovu walikuwa wakila na kuvunja miti mara 5 hadi 7 zaidi. Msitu wa vichaka ukawa uwanja. Umbali ambao jicho linaweza kuona ukaongezeka karibu mara 3.

Hapa ndipo simba anapoingia. Simba hashindi punda milia kwa mbio ndefu. Simba huvizia. Analala nyuma ya kichaka, anajisogeza tumbo chini, mpaka punda milia anakuwa karibu, ndipo anaruka. Ukimwondolea kichaka umemwondolea nusu ya silaha. Punda milia anamwona kwa mbali, anaondoka zake. Watafiti waliwafunga simba jike kola za kuwafuatilia wanakokwenda, wakawa wanafika mahali walipoua, na wakakuta kwamba uwezekano wa punda milia kuuawa ulikuwa karibu mara 3 zaidi kwenye maeneo ambayo chungu wageni hawajafika.

Basi simba hawa watakula nini? Tazama takwimu za mawindo yao pale Ol Pejeta. Mwaka 2003, punda milia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, mwaka 2003 hakuna hata mmoja aliyehesabiwa. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 42. Simba wamehamia kwa nyati. Na nyati, wallahi, si chakula cha mtu mwenye haraka. Ni mnyama mzito, mwenye pembe, anayetembea kundi na anayerudi kupigana. Simba wengi zaidi lazima washirikiane kumwangusha, na anaweza kumjeruhi simba au kumuua.

Ukitaka kuona vizuri, irudie safari hiyo kwa kurudi nyuma. Nyati ameuawa kwa sababu punda milia ameponyoka. Punda milia ameponyoka kwa sababu kichaka hakipo. Kichaka hakipo kwa sababu ndovu amekivunja. Ndovu amekivunja kwa sababu chungu hawakumuuma. Chungu hawakumuuma kwa sababu wameliwa na chungu wengine waliokuja kwenye mzigo wa mtu. Na mtu huyo, popote alipo, hajui. Alikuwa analeta simiti, au miche ya maua ya kupamba ua wake.

Na wasiokuwemo kwenye hesabu ya simba wapo pia. Faru mweusi hula mgunga huu, na Ol Pejeta ni mahali panapotegemewa sana kwa kuhifadhi faru weusi. Wenyeji huchoma makaa kwa mgunga huu. Kila mmoja ana hisa yake kwenye mti ule.

Najua kuna anayesema moyoni, "Hayo ya Laikipia, mimi niko Kilifi, yananihusu nini?" Haya, tushuke.

Nani hapa hajaumwa na maji moto? Wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe na kufanya nyumba, ukipanda kuchuma embe unashuka mbio na shati umelivua. Tunawachukia. Tunawachoma moto, tunawamwagia dawa. Lakini mwenye minazi amsikilize mtafiti aliyeitwa M. J. Way, aliyefanya kazi Unguja katika miaka ya 1950. Wakati huo minazi ilikuwa ikipukutisha vidaka kabla havijawa vitale, sembuse dafu, na watu hawajui sababu. Sababu ilikuwa ni mdudu mdogo, jamaa ya kunguni, anayechoma vidaka na kuvifyonza. Mdudu huyo mpaka leo jina lake la kisayansi linabeba jina la Way. Na anayemzuia ni nani? Maji moto. Mnazi wenye maji moto wengi ulikuwa salama, maana hawamwachi mdudu huyo atulie.

Na adui wa maji moto ni nani? Ni yule yule, chungu wa kichwa kikubwa! Anayapiga vita maji moto chini ya mnazi mpaka yanauhama, na vidaka vinaanza kuanguka. Unaona? Laikipia anauondolea mgunga walinzi, Unguja anauondolea mnazi walinzi. Mchezo ni ule ule, aliyebadilika ni anayefaidika: kule ni ndovu, huku ni kunguni wa kidaka.

Kuna jambo moja katika habari hii ya minazi ambalo mimi nalipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji pesa. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa 2011 ulilinganisha mashamba yaliyopaliliwa yakawa safi kabisa, ardhi tupu kama uwanja, na mashamba yaliyoachiwa majani chini. Kwenye shamba tupu chungu wa kichwa kikubwa walishinda, wakayaondoa maji moto. Kwenye shamba lenye majani, aina zote mbili ziliweza kukaa pamoja, na maji moto yakabaki juu ya miti. Sasa sisi watu wa pwani tunajua jinsi mzee anavyosifiwa kwa shamba lake kuwa safi, halina hata jani! Huenda usafi huo unamgharimu nazi. Ardhi ikiwa tupu chungu wa chini wanakosa chakula chao kule chini, na njia yao ya kwenda juu ya mti ni moja. Waliobahatika kuona mashamba ya Unguja wanajua pia ile hila ya kufunga kamba kutoka mti hadi mti, ili maji moto yapite juu bila kukanyaga ardhi ya adui. Mimi nadhani ni ufundi wa kupendeza.

Dawa nayo ipo. Unguja katika miaka ya 1990 kulijaribiwa chambo chenye sumu, kinachobebwa na chungu wageni wenyewe mpaka ndani ya viota vyao, ili maji moto yapate nafasi. Huko Australia, katika mbuga ya Kakadu, walifanikiwa kuwamaliza kabisa kwenye sehemu waliyovamia. Lakini Kakadu waliwakuta bado wako mahali padogo. Ukichelewa, sehemu ni kubwa mno, na sumu ukiimwaga kwa fujo itawaua na wale unaotaka kuwaokoa. Mfano wa kuchelewa tunao juu ya vichwa vyetu: kunguru. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, leo ameijaza pwani yote, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1. Milioni!

Vijana wa jumuiya nyingi siku hizi tunapanda miti, na hilo ni jema. Novemba 13, 2023 hata ilifanywa sikukuu ya taifa kwa ajili ya kupanda. Mche hubebwa na udongo wake ndani ya karatasi ya plastiki. Kabla hujaupakia kwenye matatu kuupeleka kaunti nyengine, ufungue uutazame. Ukiona chungu wadogo wa kahawia wakikimbia na mayai meupe, na kati yao wachache wenye vichwa vikubwa visivyolingana na miili, mche huo usiondoke. Nunua miche karibu na mahali utakapoipanda. Kuni na mbao za zamani vile vile, zikung'ute kabla hazijapanda gari.

Nilipomaliza kuzungumza, dada mmoja aliyekaa nyuma aliuliza swali ambalo naona lazima niliandike hapa: je, simba wa Ol Pejeta wamepungua? Jibu ni kwamba, mpaka utafiti ule ulipochapishwa 2024, idadi yao ilikuwa haijashuka. Wamepata njia, kwa kuhamia nyati. Akaendelea: basi tatizo liko wapi? Nikamwambia nyati nao watafika wapi kwa kuliwa, na simba nao watafika wapi kwa kupigana na nyati miaka 20 mfululizo, hilo watafiti wenyewe bado wanalifuatilia. Mgunga uliovunjwa hauoti kwa mwaka mmoja. Na mpaka wa wale chungu wageni katika nyanda za Laikipia unasonga mbele kiasi cha mita 50 kila mwaka, mti kwa mti.